Video za Muziki na Mwanamke Asiyeonekana Sura

Nyumba nyingi za Waswahili ninazozijua hapa Uingereza zina desturi moja. Jumamosi ikifika, mmoja yuko jikoni anachambua mchele, mwingine anamsuka mtoto, na televisheni ya sebuleni imewashwa YouTube. Inaanza Bongo Fleva, inafuata singeli, unaingia wimbo wa Nigeria, kisha wa Marekani, mmoja baada ya mwingine bila mtu kuchagua. Sina ugomvi na desturi hiyo. Kwa watoto waliozaliwa huku, muziki ni mwalimu wa Kiswahili asiyechoka. Binti wa kaka yangu, ambaye ninaishi naye Birmingham na ana miaka 14, amejifunza maneno mengi kwenye nyimbo kuliko kwenye vitabu nilivyombebea kutoka Dar es Salaam.

Ila wimbo wa siku hizi hauji peke yake, unakuja na picha, na picha nazo zinafundisha. Kaa mbele ya picha hizo saa mbili mfululizo, utaona somo moja likirudiwa: mwanamume ana jina, ana sauti, ana safari yake maishani; mwanamke ana kiuno. Makala hii inahusu somo hilo, na jinsi tunavyoweza kulizungumza majumbani mwetu bila kugeuka askari wa maadili, na bila kujifanya hatujaona.

Mguu wa kitanda cha nne

Mimi ni muuguzi. Stashahada niliisomea Tanzania, shahada nikaisoma huku, na nimekaa wodini zaidi ya miaka kumi. Vyuo vyangu viwili vilitofautiana kwa mengi, lakini kwa jambo moja vilisema sauti moja: usimwite mgonjwa kwa kiungo chake. Mkufunzi wetu wa nyumbani, mama mmoja asiye na mzaha, akimsikia mwanafunzi anasema "yule mguu wa kitanda cha nne", alimpeleka palepale kitandani akamuulize mgonjwa jina lake na kulirudia kwa sauti. Huku wanasema kwa maneno ya upole zaidi, lakini kanuni ni ileile.

Sababu yake si adabu tu. Mtu ukishamgeuza kiungo, unaanza kumtendea kama kiungo. Unamfunua bila kuvuta pazia. Unazungumza na daktari juu ya kichwa chake kana kwamba hasikii. Unamgeuza ubavu bila kumwambia. Hakuna anayekusudia ukatili, ila jicho na ulimi vimekwisha kuutayarisha mkono.

Kamera ya video nyingi za muziki inafanya kile tulichokatazwa wodini. Inaanzia miguuni, inapanda mapajani, inatulia kiunoni, inapita kifuani, na kabla haijafika usoni inamrudia mwimbaji na mkufu wake wa dhahabu. Gari lake litaonyeshwa lote, mbele na nyuma, hata nembo. Mwanamke aliyeegemea gari hilo anaonyeshwa vipande vipande. Ukiambiwa umtambue kesho sokoni, huwezi, kwa sababu hukuonyeshwa sura.

Kalamu na karatasi

Mwaka jana wakati wa likizo ya Pasaka nilifanya zoezi na watoto, yule binti wa kaka yangu na mwanangu wa kiume mwenye miaka 11. Sikuzima televisheni. Nilileta kalamu na karatasi, nikawaambia watazame video kumi zitakazokuja zenyewe na wajibu maswali manne kwa kila moja. Nani anaonekana sura kwa muda? Nani anasema au kuimba jambo? Nani amevaa nini, na hali ya hewa ikoje? Na mwisho, kama tungewaondoa wanawake wote kwenye video hii, hadithi ingebadilika?

Sitaleta hesabu zao hapa kama takwimu, maana video kumi za sebuleni si utafiti. Nitaleta swali la mwanangu. Walikuwa wanatazama video iliyopigwa juu ya ghorofa usiku, mwimbaji amevaa koti zito lenye manyoya shingoni, wasichana sita wamevaa nguo za kuogelea. Akaniuliza, "Mama, hawa wako nchi moja?"

Tulicheka mpaka machozi. Lakini lile lilikuwa swali zuri kuliko mahubiri yoyote ambayo ningeweza kutoa. Binti naye aliandika kwenye karatasi yake, kwa lile swali la mwisho, "Hakuna kitakachobadilika" kwa video nyingi. Baadaye akasema, "Shangazi, wamewekwa kama maua ya mezani." Hajasoma nadharia yoyote ya haki za wanawake. Alipewa tu nafasi ya kutazama kwa makini.

Chuo cha Spelman kilipouliza swali

Mjadala huu si mpya, na hawakuuanzisha wazee. Moja ya nyakati zake kubwa ilitokea katika chuo cha wanawake weusi cha Spelman, mjini Atlanta, Marekani, mwaka 2004.

Mwaka mmoja kabla, mwanamuziki wa rap Nelly alikuwa ametoa video ya wimbo "Tip Drill", iliyokuwa ikionyeshwa usiku wa manane katika kipindi cha BET Uncut. Ndani yake anapitisha kadi ya benki katikati ya makalio ya mnenguaji, kama mtu anayelipia bidhaa dukani. Kisha, Aprili 2004, taasisi ya Nelly ikapanga kwenda Spelman kuandikisha watu wa kujitolea uboho, yaani ule ute ulio ndani ya mifupa unaotengeneza damu. Dada yake Nelly alikuwa na saratani ya damu na alihitaji mtu ambaye uboho wake unaoana na wake.

Hapo nazungumza kama muuguzi. Ombi lile lilikuwa zito. Uwezekano wa kupata uboho unaooana ni mkubwa zaidi kati ya watu wa asili moja, na watu weusi waliojiandikisha ni wachache, Marekani na hapa Uingereza pia. Mgonjwa mweusi anaweza kusubiri mpaka muda unamwishia.

Wanafunzi wa Spelman walijua hayo. Walisema njoo, lakini ukija ukae nasi tuzungumze kuhusu ile video. Mazungumzo hayakufanyika, zoezi likafutwa. Dada yake alifariki mwaka 2005. Miaka mingi baadaye Nelly alisema kwa uchungu kwamba maandamano yale yalimnyima nafasi ya kumwokoa.

Nimelifikiria tukio hili mara nyingi nikiwa zamu ya usiku. Kama ningekuwepo, ningetamani majina ya wasichana wale yaandikwe siku ileile, mazungumzo yawepo au yasiwepo, kwa sababu mgonjwa hakuitengeneza ile video. Na bado swali lao siwezi kuliondoa. Miili iliyoombwa uboho na miili iliyogeuzwa mashine ya kulipia ilikuwa miili ya watu walewale, wanawake weusi vijana. Walitaka kujua kwa nini wakumbukwe kuwa ni watu siku ambayo damu yao inahitajika tu. Mwaka 2005 jarida la Essence, linalosomwa sana na wanawake weusi wa Marekani, lilianzisha kampeni ya mwaka mzima kuhusu jambo hilohilo.

"Si amekubali mwenyewe?"

Hili ndilo jibu tunalolisikia zaidi, na linastahili kujibiwa kwa heshima. Ni mtu mzima, hakulazimishwa, analipwa, ninyi mnamwonea wivu.

Kazi yangu imenifundisha kwamba ridhaa si mlango unaofunguliwa mara moja ukabaki wazi. Mgonjwa aliyekubali kufungwa kidonda hajakubali kupigwa picha. Aliyekubali kudungwa sindano asubuhi anaweza kukataa jioni, na hatuna haki ya kumwambia "si ulikubali". Anayetoa ridhaa lazima ajue anakubali nini, na lazima awe na uwezo wa kusema hapana bila kuadhibiwa. Vikikosekana hivyo viwili, kilichopo ni kunyamaza tu.

Chukua video ya "Blurred Lines" ya Robin Thicke, iliyotoka mwaka 2013. Mmoja wa wanamitindo waliocheza ndani yake ni Emily Ratajkowski, wakati huo akiwa na miaka 21. Katika kitabu chake My Body cha mwaka 2021 anasimulia kwamba alikubali kucheza akiwa nusu uchi, na kwamba kwa sehemu kubwa ya siku ile alijisikia salama, kwa sababu waliokuwa wakiongoza kazi wengi walikuwa wanawake. Kisha, anasema, mwimbaji alimjia kwa nyuma akamshika matiti bila ruhusa. Mwongozaji wa video, Diane Martel, alithibitisha kwamba aliona na akapiga kelele kusimamisha kazi. Ratajkowski alikaa miaka mingi bila kusema. Alikuwa msichana asiyejulikana katika kazi ya mtu anayejulikana.

Ona tofauti. Alikubali kucheza. Kushikwa hakukubali. Anayesema "si amekubali mwenyewe" anayaunganisha mambo hayo mawili yakawa moja, kana kwamba nguo fupi ni saini ya kila kitu kitakachofuata.

Wanafunzi mnaosoma Uingereza huenda mmesikia kwamba wimbo huohuo ulipigwa marufuku na vyama vya wanafunzi. Edinburgh walianza Septemba 2013, na vyuo zaidi ya 20 vikafuata. Wakati ule wengi waliwacheka wakisema ni watoto wanaoogopa wimbo. Yaliyokuwa yametokea siku ya kurekodi yalikuwa bado hayajasemwa.

Nani anabaki na pesa?

Kuna dada mmoja tunayefahamiana hapa Birmingham, anafanya kazi ya kutunza wazee. Ameniruhusu nieleze habari zake bila jina. Alipokuwa na miaka 20 alikuwa mnenguaji Dar es Salaam, na alicheza katika video tatu za Bongo Fleva.

Kwa ile ya tatu aliambiwa avae gauni la kitenge. Walipofika ufukweni usiku, mizigo ikafunguliwa, zikatoka nguo nyingine kabisa. Wasichana wawili waligoma. Wakaambiwa wasiotaka waende, na usafiri uliopo ni ule wa kampuni, utaondoka alfajiri. Wote wakavaa. Hakukuwa na mkataba. Malipo yaliyoahidiwa yaligeuka kuwa "hela ya nauli", na lililobaki likawa "tutaonana wiki ijayo". Wiki hiyo hajaiona mpaka leo.

Ile video bado ipo. Anayemiliki chaneli analipwa kutokana na matangazo kila inapotazamwa, mwaka hadi mwaka. Mtunzi na mwenye haki za wimbo wana fungu lao. Mnenguaji hulipwa mara moja, siku ile, kama alilipwa. Hana fungu la kesho, hana uwezo wa kusema iondolewe, na jina lake halimo hata kwenye maandishi madogo ya chini. Juzi wanafunzi wenzake mwanawe waliiona, wakamtambua mama kwa alama ya begani.

Nilimuuliza kama anajutia kucheza. Akaniambia, "Dada, mimi napenda kucheza. Ningecheza hata leo. Kinachoniuma ni kwamba tulikaa nao usiku kucha, na yule kaka mwenye wimbo hakuniuliza hata jina."

Yanayofika hospitalini

Wapo watakaosema video ni burudani, haiumizi mtu. Mwaka 2007 Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, APA, kilitoa ripoti kuhusu wasichana wanaolelewa katikati ya picha zinazomthamini mwanamke kwa mvuto wa mwili wake tu, na video za muziki zilikuwa miongoni mwa vitu vilivyotazamwa. Ripoti iliihusisha hali hiyo na matatizo ya ulaji, kujidharau na sonona. Mimi nitaongeza mawili ninayoyafahamu kutokana na kazi.

La kwanza ni mkorogo. Tazama ni msichana wa rangi gani anayepewa nafasi ya kukaa karibu na mwimbaji, na ni yupi anayewekwa nyuma. Watoto wetu wanaona. Tanzania, Kenya na Rwanda zote zimepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, lakini vinauzwa kimyakimya hata maduka ya huku. Zebaki huharibu figo na mishipa ya fahamu, na mama mjamzito huipitisha kwa mtoto tumboni. Haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu huleta madoa meusi ya kudumu, kinyume cha kile mtu alichokitafuta. Krimu zenye steroidi huifanya ngozi iwe nyembamba kama karatasi. Mtu huyo akihitaji kushonwa, uzi hauna pa kushika.

La pili ni makalio. Nyumbani kuna vidonge na sindano za mitaani ambazo hakuna ajuaye kilichomo. Huku kuna upasuaji wa kunyonya mafuta tumboni au kiunoni na kuyadunga kwenye makalio. Mafuta yakiingia kwenye mishipa mikubwa ya damu iliyopo pale, husafiri hadi moyoni na kwenye mapafu, na mtu anaweza kufa akiwa bado mezani. Mwaka 2018 chama cha madaktari wa upasuaji wa urembo cha Uingereza, BAAPS, kiliwashauri wanachama wake wauache kabisa, kwa sababu ulikuwa na kiwango cha vifo kikubwa kuliko upasuaji wowote wa urembo. Mwaka 2022 kilitoa mwongozo mpya: mafuta yawekwe chini ya ngozi tu, kamwe yasiingie kwenye msuli. Wengi wanaokwenda nje kutafuta bei nafuu hawajui hata swali la kuuliza.

Sisemi kila aliyepitia hayo alitumwa na video. Nasema msichana akitazama miaka mitano picha zinazomwambia kwamba sehemu hii ya mwili ndiyo wewe, asishangae mtu akitaka kuirekebisha.

Lakini si ngoma zetu ndivyo zilivyo?

Swali hili huulizwa na watu wa pwani, nami ni mtoto wa Tanga. Kiuno si kigeni kwetu. Tuna chakacha, tuna baikoko, tuna unyago. Bi Kidude wa Zanzibar, aliyefariki mwaka 2013, aliheshimiwa duniani kote kwa taarabu na kwa kuongoza unyago, na unyago haukuwahi kuona haya kuzungumzia mwili.

Tofauti iko wapi? Katika unyago mlango unafungwa. Waliomo ni wanawake, wanaume na watoto hawaingii. Anayecheza anajua ni nani anayemtazama, na anayemtazama naye atacheza. Mafunzo yale ni mali ya mwali, ayabebe nyumbani kwake. Ana jina, ana somo wake, ana watu waliomleta. Ukilichukua lile lile tukio la kiuno ukaondoa mlango, ukaondoa jina, ukaweka kamera ya mtu mwingine na akaunti ya benki ya mtu mwingine, ngoma inabaki kwa miguu tu. Aliyefaidika ni mwingine kabisa.

Na muziki wetu huo huo uliwahi kumsimamia mwanamke. Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, aliimba wimbo unaojulikana kama "Kijiti". Unahusu mwanamke aliyetoka Dar es Salaam kutembea Zanzibar, akabakwa na kuuawa. Mwanamume alitoroka, na waliokwenda kutoa ushahidi ndio walioadhibiwa na mahakama. Siti aliyasema hayo kwa sauti mbele ya watu. Kwa hiyo anayetaka kutuambia kwamba kumdhalilisha mwanamke ndiyo asili ya muziki wetu, aanze kwa kumsikiliza Siti.

Marufuku zinatazama nini

Serikali zetu zimejaribu njia ya kufungia. Mwaka 2016 Tanzania ilifungia video ya "Chura" ya Snura. Mwaka 2018 Basata ilifungia wimbo "Mwanza" wa Rayvanny na Diamond Platnumz. Kwa maoni yangu marufuku za namna hii hutazama zaidi aibu ya mtazamaji kuliko haki ya anayetazamwa. Mjadala unakuwa kuhusu urefu wa nguo na ukali wa maneno. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza kama wanenguaji walikuwa na mkataba, kama walilipwa, kama kuna aliyewashika.

Afadhali kidogo lilikuwa tukio la Kenya mwaka 2019, pale bodi ya KFCB ilipoupinga wimbo "Takataka" wa Alvindo. Humo mwanamke aliyemkataa mwanamume anageuzwa takataka. Hapo hoja haikuwa nguo. Ilikuwa utu wa mtu aliyesema hapana, na hilo ndilo hasa linalostahili kuwahangaisha wazazi wa wavulana.

Hapa Uingereza walijaribu njia ya umri. Ripoti ya Reg Bailey ya mwaka 2011 ilipendekeza video za muziki ziwekewe alama za umri kama filamu, na mwaka 2014 majaribio yakaanza kwa kushirikiana na YouTube na Vevo. Ila mpango ulihusu video za kampuni kubwa zilizotengenezwa hapahapa. Video iliyopigwa Lagos, Dar es Salaam au Los Angeles inafika kwenye simu ya mtoto bila alama hiyo. Kwa hiyo kazi inaturudia sisi.

Nyumbani tufanye nini

Kwanza, tazama nao. Kumnyang'anya simu mtoto wa miaka 14 kunamfundisha kutazama akiwa peke yake. Tumieni karatasi na yale maswali manne. Mtoto akizoea kuuliza "sura yake iko wapi?", ataliuliza hata usipokuwepo.

Pili, usiwatukane wanenguaji. Ukisema "tazama hawa malaya" mbele ya mwanao, umefanya kazi ileile ya kamera, umemwondolea mtu jina. Na binti yako amesikia utakavyomwita yeye siku atakapopatwa na jambo. Siku hiyo hatakuja kwako. Elekeza swali kwa mwenye pesa na mwenye kamera.

Tatu, zungumza na wavulana. Tumezoea kumwita binti pembeni kumwonya kuhusu mavazi, kaka yake akiachwa na rimoti. Mwambie kwamba msichana wa darasani kwake si mmoja wa wale sita juu ya ghorofa, na kwamba hata wale sita ni watu. Mwambie kukataliwa hakumfanyi aliyekataa kuwa takataka. Na baba, hili likitoka kinywani mwako lina uzito kuliko likitoka kwetu, hasa ukilisema huku wewe mwenyewe umeweka chini simu yako.

Nne, kwa wanafunzi na vijana wanaoitwa kucheza, maana huku nako wanaitwa, kwenye video za wasanii wanaopita London, Muscat au Minneapolis. Omba maandishi kabla ya siku ya kazi: saa ngapi, nguo gani, malipo kiasi gani na lini. Omba kuona picha ya nguo. Nenda na mwenzako. Hakikisha una njia yako ya kurudi nyumbani ambayo haimtegemei mtu wa kazi. Nambari ya polisi hapa ni 999, Marekani 911, na kushikwa bila ridhaa ni kosa la jinai hata kama mziki ulikuwa unapigwa.

Tano, pesa yetu ni kutazama kwetu. Kila video tunayoiacha icheze mpaka mwisho inahesabiwa. Wapo wasanii wa kike na wa kiume wanaotoa video ambazo mwanamke ana sura na ana hadithi. Tuzitafute hizo, tuziweke kwenye orodha ya Jumamosi, na tuwaachie watoto wachague kutoka humo.

Binti wa kaka yangu sasa ana orodha yake mwenyewe. Nyimbo nyingine humo mimi sizipendi kabisa, zina kelele, na mbili tatu bado zina wasichana wa nguo za kuogelea. Lakini wiki iliyopita nilimsikia chumbani akiongea na rafiki yake kwa simu, wanabishana kuhusu video mpya. Rafiki anasema ni kali. Yeye akajibu kwa Kiswahili chake cha Birmingham, "Wimbo mkali, sawa. Lakini yule dada wa katikati, hawajatuonyesha hata ni nani."